Hadithi za kale za Mirihi bado zinasomeka?

Unauliza kama A Princess of Mars, riwaya ya Mmarekani Edgar Rice Burroughs kuhusu sayari ya Mirihi, iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1912, bado inasomeka. Inasomeka, tena mbio. Kila sura inakuacha roho juu, na ulimwengu wenyewe una uhai: bahari zilizokauka, majitu ya kijani yenye mikono minne, mnyama kama mbwa mwenye miguu kumi. Ubovu uko kwa watu. John Carter, shujaa wa riwaya, hashindwi na lolote, na Dejah Thoris, binti mfalme, kazi yake kubwa ni kutekwa na kuokolewa. Halafu shujaa huyo alipigania upande wa wenye watumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mwandishi wala hashtuki! Ukitaka Mirihi yenye majonzi na lugha nzuri zaidi, msome Leigh Brackett, mwandishi Mmarekani aliyetunga naye hadithi za Mirihi.