Maswali ya Wasomaji: Zamu ni ya Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni wachezaji sita wa Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola na kupigana vita kwa zamu, tuliogawanyika katika timu mbili za watu watatu watatu. Watatu tupo Dar es Salaam, wawili wapo Muscat na mmoja yupo Toronto, kwa hiyo tunapokezana zamu kwa njia ya Play by Cloud, ambayo kila mmoja hucheza zamu yake kwa wakati wake kupitia mtandao. Mzunguko mmoja huweza kuchukua wiki nzima kwa sababu mtu hajui kwamba amefikiwa na zamu, na akishafikiwa hucheza bila kujua mwenzake alikusudia nini. Je, ipo programu saidizi ya kutuondolea usumbufu huu, na je, kuitumia si udanganyifu? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili, na programu itawaondoleeni la kwanza tu.

Katika mipangilio ya mchezo huo ipo sehemu iitwayo Webhook, ambamo huandikwa anwani ya mtandao. Zamu inapohama, mchezo hupeleka huko jina la mchezo, jina la mchezaji anayesubiriwa na namba ya zamu. Wengi hubandika hapo anwani ya chumba chao cha Discord, programu ya mazungumzo ya vikundi, kisha hushangaa kuona kimya. Sababu ni kwamba Discord haipokei taarifa iliyopangwa kwa namna hiyo, hivyo sharti pawepo programu ndogo katikati ya kuipokea, kuipanga upya na kumtaja mhusika ili simu yake ilie. Anwani ya chumba itunzwe kama neno la siri, kwa kuwa yeyote atakayeipata ataweza kutuma humo ujumbe wowote.

Njia nyingine ni Play Your Damn Turn, jina lisilo na adabu kwa huduma iliyo ya kistaarabu. Hutumia ule mtindo wa wachezaji kupokezana kompyuta moja: programu yake hupakua faili la mchezo, nawe ukimaliza na kulihifadhi, hulirudisha kwenye seva, na anayefuata hupata barua pepe. Hakikisheni kwamba nyote mna nyongeza zilezile za mchezo, la sivyo faili litakataa kufunguka.

Programu hizi hazifichui ramani wala hazimchezei mtu, kwa hiyo ondoa shaka. Udanganyifu wa kuogopwa ni wa mchezaji anayeifungua upya zamu yake baada ya kuona vita vimemwendea vibaya. Likatazeni jambo hilo kabla hamjaanza.

Tatizo la pili linahitaji mazungumzo. Kila timu iwe na chumba chake cha siri, mbali na kile cha taarifa za zamu, na kila anayemaliza aache humo maelezo mafupi kama haya: "Mizinga yangu miwili ipo kusini ya mto, itafika ukutani zamu ijayo, farasi wako wasivuke kabla yake." Katika mchezo huu vikosi viwili vya kupigana vya nchi kavu havikai kwenye kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha ramani, hata kama ni vya washirika, na kwa hiyo jeshi la mwenzako linaweza kukuzibia njia zaidi kuliko la adui. Tazameni nani hutangulia katika mpangilio wa zamu, kisha mpeni huyo upande wa mbele wa vita, ili aondoke kwenye kigae kabla anayemfuata hajakihitaji.

Pigeni pia hesabu ya muda, maana hapa ndipo timu nyingi huvunjika. Mchezo wa mwendo wa kawaida una zamu 500. Ikiwa kila mmoja kati yenu sita atatumia saa 12, mzunguko ni siku tatu na mchezo mzima ni siku 1,500, yaani zaidi ya miaka minne. Chagueni mwendo wa Online, wenye zamu 250, na hata huo utawachukueni miaka miwili msipoharakisha. Muda wa mwisho wa kucheza zamu nao uandikwe kwa njia ya Discord inayomwonyesha kila mtu saa za mahali alipo, kwa sababu saa tatu usiku ya Dar es Salaam ni saa nne Muscat, lakini Toronto huwa saa saba au saa nane mchana, kutegemea kama wamesogeza saa zao.

SWALI: Kompyuta yangu haiwezi kuendesha michezo mikubwa. Je, naweza kucheza kwa zamu na wenzangu kwa simu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Unaweza. Jaribu Unciv, mchezo wa bure wa namna hiyohiyo, ambao msimbo wake uko wazi na ambao hufanya kazi kwenye simu za Android na kwenye kompyuta dhaifu. Zamu hupitia kwenye seva, na simu yenyewe inaweza kukujulisha ukifikiwa, mradi umewasha taarifa hizo katika mipangilio ya mchezo. Usiposikia kitu, angalia kwanza mipangilio ya kubana betri, kwa kuwa simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi chinichini, na wenzako watakungoja bure huku ukidhani wewe ndiye unayewangoja.