Barua kwa mwanangu: Usiihukumu njia kwa herufi F

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama uache kufundisha hesabu kwa vikundi na majadiliano, urudi kukaririsha maswali ya miaka ya nyuma, maana matokeo ya Kidato cha Nne yametoka, F zimejaa, na mkuu wa shule amekubana mbele ya walimu wenzako. Usiache. Ila usiing'ang'anie njia yako kwa hasira, ichunguze kwanza.

Anza kwa kuachana na herufi. F ni alama 0 hadi 29. Aliyetoka 8 akafika 27 na aliyebaki na 8 yake wote wamebandikwa F, na ubao wa matangazo hauwatofautishi. Chukua alama zenyewe za mitihani ya mihula na ya moko (ile ya majaribio kabla ya mtihani wa taifa), mwanafunzi mmoja mmoja, uone nani amesogea.

Kisha keti na karatasi 30 za darasa lako la sasa, ugawe makosa mafungu matatu: asiyeelewa dhana, aliyeelewa akateleza kwenye hesabu, na asiyelielewa swali au asiyemaliza. Makosa hayalingani. Chukua mada ya dunia kama tufe. Tanga iko nyuzi 5 dakika 4 kusini, Dar es Salaam nyuzi 6 dakika 48 kusini, na longitudo zao zimekaribiana kiasi cha kuhesabiwa moja. Tofauti ni nyuzi 1 dakika 44, na kwa nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,370, umbali unakuja kama kilomita 193. Atakayekuletea 160 ameandika 1.44 badala ya 1.73: hakukumbuka kugawa dakika kwa 60. Atakayekuletea zaidi ya 1,300 amejumlisha latitudo badala ya kutoa, kwa sababu swali alilokariri lilikuwa na mji mmoja kaskazini mwa ikweta. Huyu ndiye zao la kukaririsha. Angechora duara na mstari wa ikweta angeona miji yote miwili iko upande mmoja. Tena barabara yenyewe ya Tanga hadi Dar es Salaam, pamoja na kuzunguka Chalinze, haifiki kilomita 400, sembuse 1,300! Lakini yule wa 160 hasaidiwi na majadiliano hata kidogo. Anahitaji mazoezi ya kubadili dakika kuwa desimali, kumi leo, kumi kesho, mpaka mkono uzoee. Walimu wa vikundi hulidharau jambo hili, na hapo ndipo alama zinapovuja.

Upungufu mwingine ni muda. Karatasi ya hesabu ina saa 3 kwa alama 100: maswali 10 ya alama 6 na manne ya alama 10. Swali la alama 6 lina dakika kama 10, la alama 10 dakika 18. Mtoto aliyezoea kuulizana na wenzake hajawahi kukaa peke yake na swali kwa dakika 10 kimya. Kila Alhamisi (Ijumaa wengi wanawahi msikitini) toa maswali mawili ya alama 6, dakika 20, daftari limefungwa. Sahihisha hatua kwa hatua. Jibu tupu lisilo na njia lisipewe alama zote.

Vikundi vyenyewe vipunguze. Kikundi cha watu 8 kina mfanyaji mmoja na wanakili saba wenye mwandiko mzuri. Weka wanne, na wa kwenda ubaoni umchague wewe, tena baada ya kazi kwisha, asijulikane mapema. Kabla ya kushika kalamu waseme swali limetoa nini na linataka nini. Wakijadiliana kwa Kiswahili waache, lakini swali lisomwe na hatua ziandikwe kwa Kiingereza, maana ndivyo watakavyolikuta.

Maswali ya miaka ya nyuma si haramu. Yatumie kupima, usiyafanye somo. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mabovu. Usome, kisha umpelekee mkuu wako pamoja na jedwali la alama zako. Usibishane naye kwenye kikao. Mfuate ofisini kwa adabu, umwombe muhula mmoja, na umwahidi kuhesabu yale mafungu matatu mwanzoni na mwishoni. Fungu la kutoelewa dhana likipungua, endelea hata kama F bado zipo. Lisipopungua, basi mkuu ana hoja, na hapo tutazungumza upya juu ya njia yenyewe.

Kidato cha Nne wa mwaka huu usiwabadilishie kila kitu kwa pamoja. Waongezee Alhamisi tu. Vikundi vya wanne vianze na Kidato cha Pili na cha Tatu.

Baba anakusalimu.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga