Mama anakataa chanjo zaidi ninapomweleza: nakosea wapi?

Swali: Dokta, mimi ni relè wa jamii, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaani, hapa Majengo, Goma. Napita nyumba kwa nyumba kwa chanjo ya surua ya miezi 9. Kuna mama ambao kadiri ninavyowaeleza ubaya wa surua, ndivyo wanavyozidi kukataa. Kwa nini?

Jibu: Ndugu relè, mama huyo anajua surua inaua. Kinachomzuia ni hesabu nyingine ya moyoni. Mtoto akiugua surua, atasema ni mapenzi ya Mungu. Akiugua baada ya sindano, atasema: mimi ndiye niliyempeleka. Watafiti Ritov na Baron walilipima jambo hili mwaka 1990, wakaona wengi huona afadhali kumwachia mtoto hatari kubwa ya ugonjwa kuliko kumletea hatari ndogo kwa mkono wao. Ukimtisha, woga unazidi, na unatua kwenye kilicho karibu: sindano.

Tena kuna suala la kuaminiana. Septemba 2018, wakati wa mlipuko wa Ebola huku mashariki, watu wazima 961 waliulizwa katika miji ya Beni na Butembo. Robo yao walisema Ebola haipo, na ni asilimia 32 hivi tu walioamini viongozi wa mahali pao. Wasioamini ndio walioelekea zaidi kukataa chanjo ya Ebola. Na lile swali la watu wakati huo, mbona magari yote ni ya Ebola wakati watoto wanakufa kwa surua, lilikuwa la haki kabisa: mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini, Ebola ya huku mashariki chini ya 2,300. Usimwone mjinga anayelikumbuka.

Kwa hiyo anza kwa kusema tu: «Mama, leo mtoto anapata chanjo ya surua.» Akikubali, usiongeze hotuba. Akisita, uliza: «Nini hasa kinakusumbua?» kisha nyamaza. Mrudishie maneno yake mpaka aseme ndiyo hivyo. Omba ruhusa ndipo ujibu, na ujibu hofu hiyo moja. Ukianza kukanusha uvumi ambao hajausikia, umemletea wewe.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuahidi «hakuna shida yoyote». Kati ya watoto 100, 5 hadi 15 hupata homa, na haiji usiku ule. Huja siku ya 7 hadi ya 12. Mama asiyeambiwa ataona amedanganywa, na mtaa mzima utajua. Amechanjwa tarehe 3? Andika kwenye kadi ya mtoto: homa yaweza kuja tarehe 10 hadi 15. Homa ikimsumbua mtoto, parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Lakini apelekwe kituoni kupimwa malaria pia, maana hapa kwetu homa ya siku hizo inaweza kuwa malaria tupu, na chanjo ikasingiziwa.

Pita tena siku ya 10, hata kama hakukuita. Ukikuta uamuzi uko kwa baba au mama mkwe, ongea nao mbele yake, usimwachie yeye kazi ya kuwashawishi. Na akisema «bado», usimwandike mkaidi. Muulize urudi lini, na urudi siku hiyo hiyo.