Watu 8 si wachache, viti 40 ndivyo vingi

Mkuu, unasema duka lako dogo la vitabu limeshaalika waandishi watatu kuja kusoma na kusaini, kila mara wanatokea watu 8 au 9, na mbia wako anakuambia uachane na mambo hayo. Mimi nimesimamia jioni za aina hiyo miaka sita katika duka la mtaani lenye chumba kimoja. Nilikuwa mpanga viti, mshika maikrofoni, na wageni wakiondoka, mfagizi. Ushauri wangu ni usiache. Ila nadhani unaumia kichwa kwa idadi, wakati tatizo liko kwingine.

Jioni yangu ya kwanza nilipanga viti 40 vya kuazima, mistari mitano iliyonyooka. Wakaja watu 11, na kila mmoja akajitafutia kona yake kama abiria wasiojuana. Mwandishi akasoma huku akivitazama viti vitupu vya mbele. Tangu siku ile natoa viti 12 tu, nusu duara, karibu kabisa na rafu, vingine vimekunjwa stoo. Akiingia mtu wa 13 namletea kiti, wote wanageuka, na chumba kinajaa huku wakiona. Ni ujanja, sikatai, na sioni haya kuutumia.

Kinachofukuza watu hasa ni usomaji mrefu. Tulimpata mwandishi mmoja aliyesoma sura nzima, dakika 50, kichwa kimeinama, sauti ile ile. Ilipofika kama nusu saa, mama aliyekaa karibu na mlango akaanza kufunga zipu ya mkoba wake jino kwa jino, isije ikalia. Tuliobaki tulipiga makofi ya kushukuru kwamba imekwisha. Ziliuzwa nakala mbili. Na kitabu kilikuwa kizuri, nilishakisoma.

Siku hizi nampigia mwandishi mapema tukachague pamoja vipande viwili, kila kimoja dakika 7 hivi, katikati aeleze kwa mdomo tu alikopata kisa. Kipande kiwe na watu wanaozungumza, maana mazungumzo yanasikika vizuri kuliko maelezo ya mandhari, na kikatike pale msikilizaji anapotaka kujua kilichofuata. Wengine hununa ukiwaambia wakate. Hao mtajie Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Kuanzia mwaka 1858 alikuwa akizunguka kusoma kazi zake mbele ya watu waliolipa kiingilio, na hakusoma kitabu kama kilivyochapwa. Alijitengenezea nakala maalumu, akafuta aya, akajiandikia pembeni maelekezo ya namna ya kutamka. Kama yeye alikata, nani hawezi kukata?

Maswali na majibu hayana mengi. Panga na mtu mmoja aulize la kwanza, kisha kaa macho na yule anayeanza na "sina swali, nina maoni".

Meza ya kusaini ndiyo ninayoihangaikia kuliko vyote, kwa sababu pale ndipo msomaji anapopata dakika yake na mwandishi. Iweke mbali na kaunta, la sivyo foleni ya kulipa na foleni ya saini zinakuwa mchuzi mmoja. Walipe kwanza, wasainiwe baadaye. Nimewahi kukuta kitabu kimeandikwa "kwa rafiki yangu mpendwa" kimetelekezwa juu ya rafu, rafiki mpendwa ameshaondoka bila kulipa.

Kisha vikaratasi vya majina. Mtu akiwa bado kwenye foleni, pita na penseli, mwandikie jina lake kwa herufi kubwa, lichomeke kwenye ukurasa wa kusainiwa. Unaweza kuona ni urasimu. Mimi nilijifunza siku mwandishi alipoandika "Kwa Asha", kumbe dada wa watu ni Aisha. Alitabasamu, akasema haina neno, akabaki amekishika kitabu vile vile, hakifungi wala hakiweki mkobani. Nikambadilishia, duka likala hasara, na nakala ya Asha ninayo nyumbani mpaka leo. Muulize pia kama anataka jina lake liandikwe au saini peke yake. Wanaokusanya vitabu wengi wanapenda saini tupu, anayenunua zawadi anataka jina la mtu.

Saini ikae kwenye ukurasa wa jina la kitabu, siyo ndani ya jalada ambako mara nyingi karatasi inateleza. Jaribu kalamu kabla: nyingine zinavuja hadi ukurasa wa pili, nyingine hazikauki, ukifunga kitabu saini inajipiga chapa upande wa pili. Weka kalamu tatu za aina moja. Mwandishi ataondoka na moja, hilo usibishane nalo.

Mwandishi wa Kanada, Margaret Atwood, alichoka na safari za kwenda kusaini vitabu akabuni mashine iitwayo LongPen, aliyoionyesha mwaka 2006: mwandishi anaandika akiwa mbali, mkono wa chuma unaandika kwenye kitabu chako. Naielewa hamu yake. Lakini watu niliowahudumia foleni wengi walikuwa na sentensi moja waliyoibeba kutoka nyumbani, wanataka kumwambia mtu aliyekaa mbele yao.

Kuhusu pesa, mwandishi aliyejichapishia alete nakala zake kwa mali kauli, yaani unamlipa zikishauzwa. Mgawo uliozoeleka sehemu nyingi ni asilimia 60 kwake na 40 kwa duka, na muandikiane, hata kama ni jirani. Akiwa na mchapishaji, agiza nakala kwa masharti ya kurudisha zisizouzika, na usiagize kwa matumaini. Mimi niliwahi kuagiza 60 kwa jioni iliyoleta watu 14, wiki nzima nikawa nafunga maboksi.

La mwisho, kabla hajavaa koti, mwombe asaini nakala tano au sita zibaki rafuni. Kama ni za mali kauli, kubalianeni kwanza kwamba zikikaa sana atazichukua na saini zake. Kwangu ndizo zilizokuwa zikitoka katika wiki mbili zilizofuata, na mara nyingi aliyezichukua alikuwa mmoja wa wale 8, safari hii akimnunulia mtu mwingine.