Muulize Fundi wa Maabara: Mashine mbili, kidole kimoja

Kabla sijafungua bahasha: wasomaji watatu mwezi huu wameniita daktari. Mimi si daktari. Nilikuwa fundi wa maabara hapa Nairobi miaka thelathini na mbili, na daktari ndiye aliyekuwa akinigongea dirisha kuuliza kama majibu yametoka. Niiteni Mzee, yatosha.

*Shikamoo Mzee. Mume wangu ana kisukari na tuna mashine ya kupimia nyumbani. Binti yetu alipokuja Desemba akatuletea nyingine mpya. Juzi asubuhi, kabla ya chai, tulimdunga kidole kimoja na kupima kwa zote mbili. Ya zamani ikasema 8.9, mpya ikasema 7.8. Tangu siku hiyo mzee anatumia hiyo mpya tu, anasema ya zamani imezeeka. Ipi inasema kweli? — Mama wa Kayole*

Marahaba, mama. Mzee wako ni kama mtu mwenye saa mbili, anayechungulia ile itakayomwambia hajachelewa.

Huenda zote mbili zinasema kweli. Kipimo cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinadai kwamba sukari ikiwa 5.6 au zaidi, majibu 95 kati ya 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Tuseme damu ya mzee asubuhi ile ilikuwa na 8.3 kamili. Mashine ikisema 7.1 imefaulu mtihani. Ikisema 9.5 imefaulu pia. Zako zote mbili zimekaa ndani ya ua huo.

Ukijua kilichomo ndani ya stripu, kile kijikaratasi kinachopokea tone la damu, hutashangaa. Mle mna kimeng'enya, yaani protini inayochochea kemikali kubadilika, na katika stripu nyingi hutokana na ukungu uitwao Aspergillus niger. Kinaishika sukari na kuinyang'anya elektroni, nazo zikipita kwenye waya mwembamba mashine inapima umeme huo na kuugeuza kuwa namba. Mashine yenyewe haijawahi kuiona sukari. Wazo hili la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilitolewa na Wamarekani wawili, Leland Clark na Champ Lyons, mwaka 1962, lakini mashine ya nyumbani iliyolitumia ilifika madukani mwaka 1987 tu, ikiwa na umbo la kalamu. Kabla yake mashine zilikuwa zikisoma rangi ya stripu kwa mwanga, na ya kwanza kabisa, iliyotoka kama mwaka 1970, ilikuwa na uzito wa kilo moja hivi. Jaribu kuitia hiyo kwenye mkoba wa kwenda kanisani.

Mimi nilianzia nyuma zaidi ya hapo, kwa sababu zahanati niliyoajiriwa ilikuwa nyuma ya dunia. Tulipima mkojo. Mililita 5 za dawa ya Benedict, rangi ya buluu, matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, nenda nyumbani. Ikigeuka kijani, kuna kidogo. Njano, kaa chini. Nyekundu ya matofali, mwite muuguzi. Siku ya kliniki ya kisukari chumba kizima kilinuka mkojo uliochemka, na mchana sikuweza kula. Ndiyo maana jina la Helen Free nalitaja kwa heshima: yeye na mumewe Alfred, wanakemia wa kampuni ya Ames huko Indiana, walitoa mwaka 1956 kijikaratasi cha kuchovya tu kwenye mkojo, bila moto wala harufu.

Turudi Kayole. Kuna mambo yanayoharibu jibu kuliko uzee wa mashine. La kwanza ni mikono. Mwaka mmodi nilimenya embe, nikalila, nikajipima kwa mzaha mbele ya vijana wa mazoezi. Ikasoma 15 na kitu. Vijana wakanyamaza, mmoja akaniletea kiti. Nikanawa kwa maji na sabuni, nikajidunga tena: 6.1. Ilikuwa sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi. Pamba yenye spiriti haitoshi kuiondoa, kwa hiyo sabuni na maji, kisha ukauke. La pili ni mkebe wa stripu. Ukiuacha wazi, unyevu unakiua kile kimeng'enya, na ukiuweka karibu na jiko, joto linafanya kazi hiyo hiyo. La tatu ni upungufu wa damu: mtu mwenye damu kidogo husomwa juu kuliko ilivyo.

Chagueni mashine moja na kuandika kwenye daftari kila siku. Mkienda kliniki, ibebeni. Mzee atakapotolewa damu ya maabara ajidunge kidole papo hapo, mlinganishe majibu. Ombeni pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mpaka mitatu, ambacho hakiwezi kubembelezwa kwa kuchagua mashine. Na mwambie, kwa upole, kwamba mashine anayoikimbia na anayoikimbilia zimesema jambo moja: asubuhi, kabla ya kula, sukari yake imepita 7. Hilo ndilo la kumpelekea daktari.

*Mzee, nina kibanda cha maziwa Kawangware. Anayeniletea alfajiri namfahamu miaka mingi. Laktomita yangu inasoma 30 kila siku, sawasawa kabisa, lakini wateja wanasema chai haishiki rangi. Laktomita imeharibika? — Muuza maziwa*

Laktomita yako ni nzima. Ni yule mtu wako unayepaswa kumtazama vizuri, na hiyo "30 kila siku, sawasawa kabisa" ndiyo iliyonishtua. Ng'ombe hawana nidhamu ya namna hiyo.

Laktomita inajua jambo moja tu: maziwa haya ni mazito kiasi gani kwa ujazo wake yakilinganishwa na maji. Maziwa mazuri ya ng'ombe husoma kati ya 28 na 32, yaani lita moja ina uzito wa kilo 1.028 hadi 1.032. Ukitia maji, laktomita inazama zaidi na namba inashuka. Hapo mwizi mjinga anakamatwa. Mwizi mwenye akili anaanza kwa kuengua malai. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea, kwa hiyo maziwa yakiondolewa malai yanakuwa mazito na kusoma 35 au 36. Sasa ana nafasi ya kutia maji mpaka irudi 30. Amekuuzia maji, ameuza malai kwingine, na laktomita imempigia saluti.

Kuna baridi pia. Tazama shina la laktomita yako, pameandikwa joto iliposawazishwa, mara nyingi nyuzi 20. Maziwa ya alfajiri yakiwa baridi yanasoma juu. Hesabu ya haraka ni kuondoa 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyopungua. Yakiwa na nyuzi 15, hiyo 30 yako kwa kweli ni 29. Subiri baridi iyatoke, au nunua kipimajoto.

Wizi wa malai ni wa zamani na dawa yake ni ya zamani vilevile. Mwaka 1890, Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichanganya maziwa na asidi kali ya salfuriki ndani ya chupa yenye shingo nyembamba yenye alama. Asidi ilikula kila kitu isipokuwa mafuta. Akaizungusha chupa kwa kasi, mafuta yakapanda shingoni, ukayasoma kama unavyosoma rula. Kuanzia hapo mkulima mwenye maziwa yenye mafuta alilipwa zaidi ya jirani yake mwenye maji meupe. Babcock hakuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, aliiacha itumike na yeyote. Wakati huohuo hivi, Niklaus Gerber wa Uswisi alitoa njia inayofanana na hiyo, na njia yake ndiyo utakayoikuta viwandani kwetu. Usijaribu asidi hiyo kibandani, tafadhali. Nina kovu la mkono wa kushoto kama dibaji ya maneno haya.

Unachoweza kufanya wewe: chukua lita moja iliyofungwa kwenye chupa, ipeleke kwenye chama cha ushirika au kiwanda chenye kipimo cha mafuta, lipa kidogo upimiwe. Mwenye kifaa cha kugandisha atakupimia maji pia, kwa sababu maziwa halisi huganda kwenye nyuzi hasi 0.54 hivi, na kila tone la maji linavuta namba hiyo kuelekea sifuri. Ukishuku unga, chemsha maziwa kidogo, yaache yapoe, dondoshea ayodini ya duka la dawa. Yakigeuka buluu inayokaribia nyeusi, umekuwa ukiuza uji. Hiyo sampuli mwaga, usiinywe.

*Mzee, mimi ni dereva wa masafa, nakaa Githurai. Nilipata malaria nikitoka Kisumu, nikameza dawa zote. Baada ya wiki mbili, nikiwa mzima kabisa, nikapimwa kwa kile kikadi na bado ikatoka mistari miwili. Wananiambia ninunue dozi nyingine. — Dereva*

Usinunue kwanza. Vikadi vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria huimwaga kwenye damu. Kimelea kinakufa lakini protini inabaki ikizunguka kwa wiki kadhaa. Wewe unayefika Kisumu utanielewa: omena zimeshaliwa, sufuria imeoshwa, lakini anayeingia jikoni atasema mnapika omena. Kikadi kinanusa tu. Nenda ukapigwe damu kwa hadubini, tone lipakwe kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ambayo tumeitumia tangu mwaka 1904. Pale fundi anamtafuta mdudu mwenyewe kwa macho. Ila homa ikirudi, usisubiri barua yangu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Je, ni kweli zamani mwanamke alipimwa mimba kwa chura? Bibi yangu anacheka akisema hivyo. — Msomaji wa Umoja*

Bibi yako yuko sahihi, na chura mwenyewe ni wa Afrika, Xenopus, mwenye kucha miguuni. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke. Kama mna homoni ya mimba, alitaga mayai ndani ya siku moja. Kuanzia miaka ya 1930 vyura hao walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Baadaye zikaja dawa za kwenye neli, lakini bado jibu lilikuwa mali ya maabara. Aliyelitoa humo hakuwa mwanasayansi. Margaret Crane alikuwa mchoraji wa vifungashio katika kampuni ya Organon, New Jersey. Mwaka 1967 aliona safu ya neli juu ya kioo, akauliza ni za nini, akaambiwa, akaenda nyumbani akaunda kifaa kutoka kwenye kijisanduku cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi. Hataza iliandikwa jina lake, na haki akaiachia kampuni kwa dola moja. Amewahi kusema hata hiyo dola hakuiona.

*Mzee, niko kidato cha tatu shule moja ya Eastlands. Maabara yetu ina sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha neli kwa kasi ili vizito vitengane na vyepesi, lakini haifanyi kazi. Nataka kuunda isiyotumia umeme kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Inawezekana? — Mwanafunzi*

Inawezekana, na bila shaka umeshawahi kuiunda. Ulipokuwa mdogo ulipondaponda kizibo cha soda, ukatoboa matundu mawili, ukapitisha uzi, ukauvuta na kuulegeza mpaka kizibo kikavuma kama nyuki. Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa Uganda, akakuta sentrifuji imewekwa kuzuia mlango usijifunge kwa kuwa hapakuwa na umeme. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza kifaa cha karatasi na uzi, cha senti 20 za Marekani, kinachozunguka kwa kanuni ileile ya kizibo chako hadi mara 125,000 kwa dakika. Kinatenga damu kwa dakika moja na nusu.

Wewe usitumie damu, ya mtu wala ya kuku. Tumia maji ya chaki, au maziwa yaliyoanza kuganda. Usitumie kioo, vipande vya mrija wa plastiki vilivyozibwa ncha zote mbili vinatosha. Na muhimu kuliko yote, kila mrija uwe na mwenzake wa uzito sawa upande wa pili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitia neli moja peke yake kwenye sentrifuji ya umeme nikaenda kunywa chai. Nikasikia ngurumo. Mashine ilikuwa imetembea mezani futi tatu na ilikuwa inaendelea na safari. Ilifika ukingoni kabla yangu. Bosi hakusema neno; alinikabidhi ufagio, na mwisho wa mwezi nikaona mshahara umepungua.

Anza na diski ya kadibodi ngumu, kipenyo cha sentimita kumi, uzi wa kuvulia samaki na vipini viwili vya mbao. Rekodi kwa simu yenye video ya mwendo wa polepole, uweke alama moja ya wino kwenye diski na kuhesabu mizunguko. Majaji watataka namba. Na kama utaamua kuanza na vizibo, usinunue soda. Pita baa yoyote ya Jogoo Road asubuhi kabla hawajafagia.