Tunataka sheria ya kulinda punda na mifugo huku kwetu, tuanzie wapi?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni mwalimu wa primari huku Mwea. Kwetu punda ndio gari, anabeba maji, mpunga, mawe, kila kitu, na vile wanateswa huwezi amini. Mwezi uliopita mmoja alichapwa na fimbo iko na msumari mpaka akaanguka barabarani, mkokoteni ukamlalia. Tulienda kuripoti tukaambiwa ati Kenya hakuna sheria ya punda. Sasa kuna kikundi cha akina mama wenye punda, pamoja na sisi walimu wachache, tunataka kuanzisha kampeni sheria itungwe, na ikiwezekana iguse pia kuku wanaobebwa vichwa chini kwa boda na ng'ombe wanaobanwa kwa lori. Tuandikie bunge la Nairobi ama la kaunti? Sahihi ngapi? Na wanafunzi wangu wa gredi ya sita wanaweza kutia sahihi?

JIBU: Mwalimu, aliyewaambia hakuna sheria ama hajui ama hakutaka kazi. Sheria iko na ni ya zamani sana, inaitwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iko tangu miaka ya sitini. Kifungu cha 3 kinasema ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumfanyisha kazi kupita kiasi, kumbebesha mzigo unaomzidi, kumtesa, kumnyima chakula, na hata kumsafirisha kwa njia inayomuumiza bila sababu. Sasa niambie, kesi ya punda wenu wa msumari hapo imepungukiwa nini? Haijapungukiwa kitu. Hiyo ni kesi imekamilika, na ningewashauri kabla hamjaandika barua yoyote kwa bunge mrudi hapo kituoni, muombe kuandikisha kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, mkitaja hicho kifungu kwa jina, mpewe namba ya OB, na mumuite daktari wa mifugo wa kaunti aandike ripoti ya majeraha kabla hayajapona. Mkikataliwa tena andikeni tarehe na saa mlizokataliwa. Hiyo karatasi mtaihitaji baadaye, nitawaambia kwa nini.

Swali linalofuata ni kwamba kama sheria iko mbona bado tufanye kampeni, na ni swali halali kabisa, MCA (mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti) wa kwanza mtakayemuona atawauliza hivyo hivyo. Jibu liko kwa adhabu. Faini ya juu kabisa kwa hicho kifungu cha 3 ni shilingi 3,000, ama kifungo kisichozidi miezi 6, ama vyote viwili. Elfu tatu ya miaka ya sitini ilikuwa pesa kweli kweli, leo hainunui hata mbuzi wa maana. Sasa polisi atoke kituoni, aandike taarifa, ashike fimbo kama ushahidi, apeleke mtu kortini mara tatu, mwishowe ni faini ya elfu tatu, unaona mwenyewe kwa nini anawaambia hakuna sheria. Pia hii sheria inasema "kupita kiasi" lakini kiasi chenyewe haikutaja. Punda abebe kilo ngapi? Afanye kazi masaa mangapi bila maji? Punda mwenye kidonda begani anaruhusiwa kufungwa kwa mkokoteni ama haruhusiwi? Hakuna mahali pameandikwa, kwa hivyo kila kesi inaanza upya na wakili wa mshtakiwa anasimama anasema huo mzigo ni wa kawaida, kila mtu Mwea anabeba hivyo. Na ana hoja.

Kwa hivyo msiende kuomba "sheria ya kulinda wanyama". Mtajibiwa iko, mtarudi nyumbani. Ombeni kile ambacho hakiko.

Sasa Nairobi ama kaunti. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ile inaorodhesha kazi za kaunti. Namba 6 hapo inataja udhibiti na ustawi wa wanyama, imeandikwa wazi. Namba 1 inaongeza ufugaji, masoko ya mifugo na vichinjio vya kaunti, na namba 2 inaweka huduma za daktari wa mifugo chini ya kaunti. Sera ya kitaifa inabaki Nairobi, lakini mambo ya mzigo wa punda, ukaguzi sokoni, leseni za mikokoteni, hayo yako mikononi mwa bunge lenu la kaunti na si lazima mngoje mtu wa Nairobi. Ile faini ya elfu tatu ndio hamwezi kuigusa kutoka huko, hiyo iko kwa sheria ya taifa na ni Bunge la nchi huko Nairobi peke yake linaweza kuibadilisha, kwa hivyo hiyo ni barua nyingine ya siku nyingine. Mkichanganya hizo mbili kwa ombi moja karani wa bunge la kaunti atawaambia hili si letu na yuko sawa. Kabla hamjaanza ingieni pia tovuti ya Kenya Law, kuna sehemu ya sheria za kaunti, mhakikishe bunge lenu halijapitisha kitu cha aina hiyo, manake kama kipo basi kazi yenu inakuwa kuomba marekebisho ama utekelezaji.

Najua kuna mmoja wenu atasema si twende tu kwa waziri apige marufuku siku moja yaishe. Hebu mkumbuke yale yaliyopata punda wa nchi hii. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, vikafika vinne, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ngozi zikienda China kutengeneza ejiao, ile dawa yao ya kienyeji. Kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa, na ripoti ya 2019 ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ikaonya kwamba wanachinjwa kwa kasi kuliko wanavyozaana. Wizi ukaingia, mtu analala na punda anaamka na kamba. Wenye punda wakapiga kelele, wakaandamana, na Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akatangaza marufuku ya uchinjaji huo. Watu wakashangilia. Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaiondoa, kwa kesi iliyopelekwa na kichinjio kimoja, na kama ilivyoripotiwa, upande wa serikali haukuwa hata umejibu hiyo kesi.

Mimi hiyo kesi naitaja kwa kila kikundi kinachokuja ofisini kwangu. Marufuku ya waziri ni kanuni tu iliyo chini ya sheria, na tangu Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 kanuni kama hiyo lazima wanaoathirika waulizwe maoni yao na kisha ipelekwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, isipopelekwa inakuwa bure. Ni rahisi kuitoa na ni rahisi kuiangusha, na anayeiangusha kawaida ni mwenye pesa ya wakili. Hata ule uamuzi wa Umoja wa Afrika wa Februari 2024 pale Addis Ababa, wa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, ni wa maana sana lakini hakimu hawezi kumfunga mtu kwa huo uamuzi peke yake mpaka nchi iuweke kwa sheria zake. Kwa hivyo nyinyi pitieni njia ndefu.

Njia yenyewe ni ombi, petisheni. Haki ya kulipeleka iko Katiba kifungu cha 37, na kwa kaunti iko Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 15, halafu 2020 ikaja sheria yake kamili ya utaratibu wa maombi kwa mabunge ya kaunti, ambayo imefuata mkondo wa ile ya Bunge la Nairobi ya 2012. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hilo watu wengi hawajui wanakimbia kutafuta mtu wa Kiingereza. Iandikwe kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta, iseme kama hilo jambo liko kortini ama haliko, na iseme mmejaribu ofisi gani nyingine na mkajibiwa nini. Hapo sasa ndio ile karatasi ya OB na tarehe mlizokataliwa zinaingia. Ombi lisilokuwa na hiyo sehemu linarudishwa na karani hata kabla mtu hajasoma habari ya punda.

Mwisho wa ombi ndio kila kitu, pale mnaposema mnataka bunge lifanye nini. Nimeona maombi mengi yanamalizikia "tunaomba serikali iwajibike ikomeshe unyama huu mara moja". Kamati ifanye nini na hiyo? Itaandika "imezingatiwa" iende chai. Jaribuni kitu kama hiki:

"Kwa hivyo waombaji wanaliomba Bunge la Kaunti, kupitia kamati yake inayohusika na mifugo, lichunguze hali ya punda wa kazi na lipendekeze mswada utakaoweka uzito wa juu wa mzigo wa mkokoteni kwa ushauri wa daktari wa mifugo, utakaokataza kumfanyisha kazi punda mwenye kidonda kibichi, aliye na mimba iliyokaribia ama kilema, utakaokataza fimbo yenye msumari au ncha, na utakaompa afisa wa mifugo mamlaka ya kumfungua punda papo hapo."

Hiyo ya mwisho, kumfungua papo hapo, msiiache. Kidonda cha begani kinatokana na kamba ya nailoni kusugua ngozi kila hatua, kama hakuna kitambaa wala mkanda mpana wa kifuani, na asubuhi ukifunga tena unafungulia kidonda kile kile. Kumpeleka mwenye punda kortini baada ya miezi minne hakumsaidii huyo punda, kinachomsaidia ni afisa kusema huyu leo harudi kazini. Na kwa vile mwenye punda pia ana watoto wa kulisha, ningeweka onyo kwanza na mafunzo ya kufunga vizuri, faini ije kwa anayerudia.

Ombi halitungi sheria lakini, tuelewane. Kamati inasikiliza, inaandika ripoti, halafu lazima MCA ama kamati yenyewe ilete mswada, wananchi waitwe kutoa maoni, upite, gavana ana siku 14 za kutia sahihi ama kuurudisha, na hauna nguvu mpaka uchapishwe kwenye Gazeti rasmi la serikali. Kwa hivyo tafuteni MCA mapema, si lazima awe wa wadi yenu, tafuteni yule yuko kwa kamati ya kilimo. Na akina mama ndio waende mbele, nyinyi walimu mkae nyuma kidogo (usinielewe vibaya mwalimu), manake hoja ya kwanza mtakayopigwa nayo ni kwamba watu wa mshahara wanataka kufinya wenye mikokoteni. Mama akisimama aseme punda wangu akiumia siku tatu mimi ndio nabeba hayo mapipa mgongoni, hapo hakuna wa kumjibu.

Halafu pesa. Sheria bila afisa ni karatasi, na afisa anatoka kwa bajeti. Kaunti inatakiwa kupeleka bungeni mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, ile karatasi ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kwa hizo za fedha wananchi huitwa, na ukumbi huwa nusu tupu. Nendeni mseme tunataka afisa wa mifugo wa kuzunguka masoko na pikipiki yake na mafuta. Mkikosa hiyo mikutano mnangoja mwaka mzima.

Kuku na lori, naomba muweke kando kwa sasa. Si ati hawateseki, kuku wa kufungwa miguu akaning'inizwa kwa boda kilomita ishirini anateseka sana, na kifungu cha 3 kinamgusa tayari, na tena kuna kanuni za usafirishaji wa wanyama za 1984 chini ya hiyo hiyo Sura ya 360 ambazo zingeweza kutumiwa kwa lori kama kuna mtu angezifungua. Lakini mkiweka punda, kuku na ng'ombe kwa ombi moja mtawaamsha wenye boda, wachuuzi wa kuku na wafanyabiashara wa ng'ombe siku moja, na hamna nguvu hiyo. La lori hasa si la kaunti moja, ng'ombe anatoka kaunti nyingine anapita tatu akienda kuchinjwa, hilo mpelekee senata ama mbunge.

Picha na video pigeni, zenye tarehe na mahali, mzipeleke kwa kamati na kwa polisi. Sura ya mwenye punda msiirushe kwa makundi ya WhatsApp na jina lake juu, atawashtaki nyinyi na kampeni itakuwa ni ya kujitetea.

Sahihi: hata mtu mmoja anaweza kupeleka ombi, hakuna idadi ya chini. Nyingi zinasaidia kisiasa tu. Ila kila anayetia lazima aweke jina, anwani na namba ya kitambulisho, kwa hivyo watoto wa gredi ya sita hapana, waacheni wahesabu punda wenye vidonda siku ya soko mwambatanishe hiyo hesabu. Na mama asiyejua kuandika anaweka dole gumba, ni halali sawa na sahihi yako wewe mwalimu.