Koo kuwaka si ukali wa bia: kuonja porta nyeusi ya viungo

SWALI: Mtaalamu, salamu kutoka Kisauni. Nimeletewa chupa mbili za bia nyeusi aina ya porta, nusu lita kila moja, asilimia 8.5. Lebo yasema ina karafuu, mdalasini, tangawizi na pilipili manga. Ya kwanza niliilaza kwenye friza mpaka ikaanza kushika barafu, nikainywa kwa mdomo wa chupa. Ulimi ulifanya ganzi, koo likawaka, na mwisho kukabaki harufu kama ya bandeji. Rafiki yangu asema moto huo ndio dalili ya bia kali. Jirani naye asema ni hafifu, niiongeze unga wa karafuu na toti moja ya spiriti anayouza jamaa wa mtaani kwa kupima. Ya pili bado iko. Niionje vipi, na nitajuaje kama kilichowasha ni pombe, ni viungo, au bia imeharibika?

JIBU: Ikiwa ya pili nayo iko kwenye friza, itoe sasa hivi ndipo uendelee kusoma. Maji ya bia ndiyo hutangulia kuganda, gesi ikakosa pa kukaa, na chupa ikapasuka au ikafoka unapoifungua. Isimamishe kwenye friji ya kawaida usiku mzima ili mashapo ya hamira yatuame chini.

Sasa huyo rafiki yako. Hilo neno lake ndilo linalowaponza wanywaji wengi wa bia za viungo, na wauzaji wanalijua. Ulimi hauna kipimo cha kilevi. Kule kuwaka si ladha kamwe, ni onyo la maumivu. Kinywani kuna kipokezi cha mishipa ya fahamu ambacho kazi yake ni kukujulisha kwamba kitu ni cha moto. Kwa kawaida hushtuka joto likifika karibu nyuzi 43 za Selsiasi. Tangawizi, pilipili manga na pilipili kali hukishtua hata kinywaji kikiwa baridi. Pombe inakuja kwa njia nyingine: inashusha kizingiti chake hadi karibu nyuzi 34, ambazo ni chini ya joto la kinywa chako mwenyewe, basi kinywa kinajihisi kinaungua kwa joto lake. Kengele ni moja, wapigaji ni wawili, na aliye ndani ya nyumba hajui nani amebisha.

Kwa hiyo laga nyepesi ya asilimia 4 iliyokolezwa tangawizi itakuwasha kuliko porta ya asilimia 9 iliyokomaa vizuri. Porta nzuri haiwashi. Inapasha kifua pole pole kama uji wa pilipili manga, na hapo ndipo inapomteka mtu. Piga hesabu: nusu lita ya asilimia 8.5 ina mililita 42 na kitu za pombe tupu. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina 21. Chupa yako moja ni Tusker mbili, hata ikiteremka kama maji ya dafu. Soma lebo, usiulize koo.

Weusi nao usikutishe. Unatokana na kimea kilichokaangwa mpaka kikawa kama buni, na kimea hicho huwa sehemu ndogo tu ya nafaka yote. Tanuri la pipa la kukaangia kimea cheusi lilipewa hataza Uingereza mwaka 1817, ya Daniel Wheeler; tangu hapo mpishi wa bia anaweza kupata weusi bila kuongeza hata tone la kilevi. Ziko bia nyeusi za asilimia 4, na ziko za rangi ya dhahabu za asilimia 10.

Kuonja kwenyewe. Itoe chupa frijini dakika 20 hadi 25 kabla. Kwa joto la Mombasa hizo zinatosha kuitoa nyuzi 4 na kuifikisha kama 12, na unakotaka ni kati ya 10 na 14. Baridi ya friza inafunga harufu na kubakisha uchungu na ukakasi peke yake, ndiyo maana ya kwanza ulikutana nayo ikiwa nusu. Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Isuuze mpaka sabuni yote itoke, uiache ikauke kwa kufudikizwa, maana mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Mimina mililita 100 tu, taratibu, na ukiona mashapo yanakaribia shingo ya chupa, acha.

Saa nzima kabla usile viazi karai vya ukwaju na pilipili, usinywe kahawa chungu, usitafune muguka. Wala usionje kwenye chumba kilichofukizwa udi, au penye asumini mezani. Pua ya Mwambao inaishi ndani ya manukato na huwa haijui kwamba imeshachoka. Maji yasiyo baridi na kipande cha mkate mkavu vinatosha kusafisha kinywa.

Inua glasi uitazame dhidi ya taa. Katikati ni nyeusi, lakini ukingoni porta nyingi huonyesha wekundu wa kahawia. Povu liwe na rangi ya kahawa ya maziwa. Likizimika haraka usiilaumu bia, kwa kuwa pombe nyingi na mafuta ya viungo hulivunja. Kisha funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe, ondoa kiganja na unuse mara tatu fupi fupi. Usivute pumzi ndefu, na usirudie rudie, kwa sababu pua huzoea harufu ndani ya sekunde chache, na ukinusa mara ya kumi utasema haina kitu. Tafuta kwanza bia yenyewe: kahawa, sukari guru, tende, zabibu kavu, kashata iliyoungua kidogo. Viungo vije nyuma yake. Kama kinachokupokea mlangoni ni karafuu na hakuna kingine, mpishi amezidisha, au ana jambo analificha.

Funda la kwanza ni la kusuuza kinywa tu, usilihukumu. La pili liwe kama kijiko kimoja cha mezani. Lizungushe, limeze, halafu toa pumzi kwa pua huku umefunga mdomo. Sasa hesabu sekunde. Joto la pombe huja mara moja, hupanda nyuma ya koo na puani, na huondoka upesi. Tangawizi huchelewa, hukaa kooni, na funda la tatu huwa kali kuliko la pili. Pilipili manga huchoma kidogo kisha huacha harufu puani. Mdalasini hukausha ufizi kwa utamu wa mti, na ukiwa mwingi unaleta ukakasi wa bibo bichi. Karafuu haichomi sana, inatia ganzi. Ina eujenoli, kitu kilekile madaktari wa meno wanachotumia kutuliza jino, na ndicho bibi zetu walichokuwa wakikitafuta walipobana karafuu kwenye gego. Ulimi wako haukufa ganzi kwa ukali wa kilevi. Ulidungwa sindano ya daktari wa meno.

Ukibaki na shaka, chukua mililita 50 za bia hiyo, changanya na 50 za maji safi, uonje tena. Joto la pombe litaanguka papo hapo. La tangawizi na pilipili litapungua lakini bado utalikuta kooni. Na kama hujazoea kutenganisha viungo, pita Marikiti ununue kidogo kidogo cha kila kimoja, uloweke kila kiungo kwenye kikombe chake cha maji moto, mililita 100, kwa dakika 10: karafuu mbili, kijiti cha mdalasini urefu wa kidole, vipande vitatu vya tangawizi, punje kumi za pilipili manga zilizopondwa. Yakipoa, onja kimoja kimoja ukipumzika katikati. Jioni moja ya namna hiyo ina faida kuliko kunywa kreti.

Harufu ya bandeji ni jambo jingine, na hiyo si viungo. Mara nyingi ni klorini ya maji ya bomba, au mabaki ya dawa ya kusafishia vyombo, ikikutana na fenoli, kemikali za harufu zilizomo kwenye bia. Kinachozaliwa hapo mwanadamu anakinusa hata kikiwa sehemu chache kwa bilioni. Mpishi aliyetakiwa kuitoa klorini hakuitoa. Kuchemsha maji dakika 15 huondoa klorini ya kawaida. Kloramini, yaani klorini iliyofungwa na amonia, haiondoki hivyo, hutaka dawa ya unga iitwayo potasiamu metabisalfaiti. Sababu ya pili ni hamira ya porini iliyoingia bila kualikwa. Hiyo nayo hutengeneza harufu ya karafuu ambako hakuna karafuu, ikichanganyika na moshi na plasta. Utaijua kwa mambo mawili: chupa hufoka ikifunguliwa, na bia huwa nyepesi kinywani kama maji, utamu wote umeliwa. Karafuu ya kweli hufifia ikiacha utamu. Bandeji huja mwishoni, kavu, na huzidi bia inapopata joto. Chupa ya pili ikiwa nayo, imwage. Haitakudhuru, lakini hakuna cha kuonja.

Angalia pia namna ilivyohifadhiwa. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huharakisha kuzeeka kwa bia mara mbili hadi tatu, na rafu ya duka isiyo na feni hapa kwetu ni tanuri. Ukinusa karatasi mbichi au boksi lililolowa, hewa imeingia. Ukinusa sosi ya soya, hamira imekufa na kuoza ndani ya chupa. Siki ni bakteria. Lebo ikisema iliyokomaa huku ndani mna harufu ya boksi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nije kwa jirani. Unga wa karafuu usitie. Katika lita 20 za porta, karafuu nzima nne au tano zikiingia dakika 5 za mwisho za kuchemsha zinaenea pipa zima. Kijiko cha unga ndani ya nusu lita ni dawa ya meno, tena hauyeyuki, utatafuna mchanga. Na tafadhali asije akakushauri kungumanga ya kuongeza nguvu, kama wanavyofanya wajuaji wa mangweni. Kuanzia gramu 5 hivi, karibu kokwa moja, imeshawalaza watu kwa kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuweweseka siku nzima au zaidi. Huko si kulewa, ni sumu. Wengine watakwambia bia nyeusi inaongeza damu na maziwa ya mama. Chuma kilichomo hakifiki hata miligramu moja kwa chupa, na pombe huzuia maziwa kushuka.

Kubwa kuliko yote ni hiyo spiriti ya kupima. Uchachushaji wa shayiri wenyewe hautoi methanoli, ile pombe ya viwandani yenye sumu, ya kiasi cha kumdhuru mtu. Hatari huja pale mtu anapoongeza nguvu kwa kitu kilichotoka dramu ya kiwandani. Methanoli huwezi kuionja. Ladha na harufu yake vinakaribia mno vya pombe ya kawaida, na ndani ya porta yenye karafuu hata mwonjaji wa miaka 30 hataigundua.  Wala usinidanganye na kile kipimo cha kiberiti, eti moto wa buluu ni salama. Methanoli ikichanganyika na pombe ya kawaida, mwali haukwambii chochote. Limau haliitoi, makaa hayaitoi, kuchemsha nyumbani hakuitoi. Mwaka 2014 watu kadhaa walikufa katika kaunti mbalimbali za Kenya kwa vinywaji vya namna hii, na Februari 2024 ikatokea tena Kirinyaga. Wengi wao hawakuona tofauti yoyote kwenye glasi. Spiriti isiyo na chupa iliyofungwa, alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, usiiweke mdomoni, na kwenye bia ndiyo kabisa.

Kama kuna aliyekwisha kuinywa, asingoje dalili. Huchukua saa 12 hadi 24 kujitokeza, na akiwa amekunywa na bia huchelewa zaidi: tumbo kuuma, kutapika, pumzi za haraka, macho kuona ukungu mweupe. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, wala kulala usingizi. Apelekwe hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, kwenu hapo Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, mseme wazi ni pombe ya kupima na alikunywa saa ngapi. Na kilichobaki kwenye chupa msikimwage kwa aibu. Kibebeni, daktari atakitaka.